Chapati Iliyoniumbua Kisutu

Msomaji wangu, kuna siku nilijifanya mtoto wa mjini, chapati ikaniumbua!

Mimi ni mzaliwa wa Chitete, kule Momba, mkoani Songwe. Nikiwa Dar nilimtoa mtoto mmoja wa kike niliyekuwa namzimia siku nyingi. Ili nionekane wa maana, nikampeleka mgahawa wa Kihindi pale Kisutu, jirani na mahekalu yao. Mshiko wenyewe mfukoni ni wa kuhesabu!

Nikaagiza kwa mbwembwe: "Kaka, tuletee biriani ya kuku." Mhudumu akatabasamu. "Samahani bosi, hapa hatupiki nyama." Kumbe ni mambo ya dini! Nikawa nimechemsha. Tukachukua thali, sinia la chuma lenye vibakuli vya dengu, viazi vya mchuzi, mtindi, achari, wali kidogo na chapati.

Binti akamega chapati, akafumba macho. "Jamani, tamu! Hivi kwenu zipo?"

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Siku zote nilimwambia mama yangu ni mfanyabiashara, biashara gani sikusema. Ukweli ni kwamba anauza chapati kando ya barabara. Anaamka saa kumi alfajiri, na ada yangu mpaka kidato cha nne ilitoka kwenye kikaango kile. Mimi nilikuwa naona haya.

Nikalitazama lile sinia. Chapati na achari, asili yake ni India. Vilikuja na wafanyabiashara waliovuka bahari, na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya mwaka 1896 na 1901. Leo vipo mpaka Chitete! Kama mwenye mgahawa wa Kisutu haoni haya kuuza chapati, mama yangu ana kosa gani?

Nikamwaga yote. Binti kimyaa! Nikajua nimekwisha. Mara akauliza, "Za mama zikoje?"

"Zina mafuta, zinachambuka. Hizi hazioni ndani."

"Basi siku moja unipeleke nikale."

Nilipolipa, nikabakiwa na nauli ya mtu mmoja. Yeye akapanda daladala, mimi nikakanyaga kwa mguu huku nacheka peke yangu.

Na wewe unayemficha mama yako kwa sababu anauza vitumbua, acha ubwege. Ndivyo vilivyokukuza! Tukutane wiki ijayo.