Muhanga asisahauliwe mahakamani

Uhalifu unapotokea mtaani kwetu Lubumbashi, mara nyingi tunauliza: "Mkosaji amefungwa?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Mkosaji anaweza kuwa Kasapa gerezani, huku muhanga anabaki nyumbani na kidonda, deni la hospitali na woga.

Watu wa Kilwa wanajua jambo hilo. Mwezi wa Oktoba 2004, wanajeshi waliua watu wasiopungua 70 katika mji huo, ulio karibu kilomita 350 kaskazini ya Lubumbashi. Mwezi wa Juni 2007, mahakama ya kijeshi hapa Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa kuhusu mauaji hayo. Wahanga hawakuchoka, sawa na yule mjane wa Luka 18. Mwaka 2017 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu: serikali iwalipe wahanga 8 na jamaa zao dola milioni 2.5, tena iombe radhi.

Kwa muhanga wa ubakaji, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinasema wazi. Polisi wajulishe parke ndani ya saa 24. Hukumu itolewe ndani ya miezi 3 tangu kesi ifike kwa wakubwa wa sheria. Muhanga awe na avoka. Daktari na mtaalamu wa mambo ya nafsi waitwe. Akiomba, kesi isikilizwe milango imefungwa. Na kulipa amende kwa polisi hakumalizi kesi.

Sisi kama kanisa tufanye nini? Kwanza, tumpeleke muhanga hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia UKIMWI zinahitaji kuanzwa ndani ya muda huo. Tutunze karatasi ya daktari. Tumsaidie kuomba fidia katika kesi ile ile ya jinai. Hahitaji kufungua nyingine. Tumlipie usafiri, tuketi naye siku ya kesi. Na tusimsukume kupatana na mkosaji ili tu jina la familia au la kanisa lisichafuke.

Msamaha ni mali ya muhanga. Autoe wakati moyo wake uko tayari. Haki yake mbele ya sheria haingojei siku hiyo.