Kinyesi cha Ndege Kinachotembea!

Wewe kijana wa mjini, ukifika huku Digodigo, Ngorongoro, ukikuta mlimau usipite hivihivi. Chungulia majani. Kile unachodhani kinyesi cha ndege, kikitembea ujue ni kiwavi! Akikua anageuka kijani. Nilimgusa kwa kijiti, akachomoa pembe 2 za rangi ya chungwa. Harufu yake, mh, jamani!

Huyo ndiye mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Mche mchanga anaweza kuumaliza majani, hapo mtoe haraka. Lakini mlimau mkubwa unamstahimili, sasa ya nini kumponda? Ukimponda, kipepeo humpati. Wenye manyoya tu usiwashike: wengine wanawasha balaa.