Runinga Kanisani, Simu Kayani

Wapo wenzangu katika kazi hii ya ualimu wanaoamini kwamba kile kiitwacho sanaa ya usimikaji ni mchezo wa watu wenye nafasi nyingi na umeme wa kupoteza. Nami sikuwa mbali na imani hiyo hadi mwaka 2015, nilipojikuta ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London, nimesimama mbele ya runinga nne.

Runinga hizo zilikuwa zimesimamishwa wima, sambamba, katika ujia ulio kando ya madhabahu kuu. Kazi yenyewe huitwa Martyrs, yaani Mashahidi wa Imani. Msanii wake ni Bill Viola, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1951 na kufariki mwaka 2024, na iliwekwa kanisani humo mwaka 2014. Katika kioo cha kwanza, mtu amefukiwa na udongo. Katika cha pili, mwanamke amening'inizwa huku upepo ukimpeperusha. Katika cha tatu, mwanamume ameketi kitini na moto ukimdondokea. Katika cha nne, mwingine amefungwa miguu, kichwa chini, na maji yakimmiminikia. Udongo unapanda juu badala ya kushuka. Hakuna sauti hata chembe. Baada ya takriban dakika saba kila kitu kinatulia, kisha kinaanza upya.

Nilikuwa nimeazimia kupita tu. Nikatazama mara tatu. Lililonishangaza zaidi, hata hivyo, ni watu waliokuwa karibu nami. Walioingia wakizungumza walinyamaza. Mzee mmoja alivua kofia. Hakuna aliyewaamrisha.

Kiswahili, lugha yetu iliyojaa akiba, kina kitenzi kinachoifafanua sanaa hii kuliko hotuba ndefu: kusimika. Mlingoti husimikwa, nguzo husimikwa, askofu naye husimikwa. Kinachosimikwa hubadilisha mahali kilipo, na mahali nako hukibadilisha. Mchoro wa kawaida hutundikwa ukutani ukatazamwa. Kazi iliyosimikwa huingiwa. Mwili wa mtazamaji unakuwa sehemu yake: anatembea, anainama, anangoja. Chukua runinga zile nne uzipeleke dukani, na hapana shaka watu watauliza bei.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona upesi ninakoelekea. Ukimuuliza sifa za miviga, atakutajia bila kusita: hufanywa mahali maalumu na wakati maalumu, huandamana na matendo na matamko, wahusika huvaa maleba. Viola aliyafahamu haya vyema. Alipata kuishi Japani na kujifunza mafunzo ya Zen. Isitoshe, akiwa na umri wa miaka sita alinusurika kufa maji ziwani, akaokolewa na mjomba wake, na baadaye akasimulia kwamba chini ya maji yale aliona ulimwengu mzuri ajabu. Maji hayakumtoka tena katika kazi zake. Mwaka 1996 alionyesha katika Kanisa Kuu la Durham, huko huko Uingereza, video ya mtu anayeibuka taratibu kutoka majini, anavuta pumzi, kisha anazama tena. Mtu yule alikuwa uchi. Polisi wakatoa tahadhari, na vizuizi vikawekwa ili mpitaji asimwone bila kukusudia. Mimi nadhani wasiwasi ule ulikuwa heshima kwa namna yake, maana hakuna ajisumbuaye kuzuia kitu kisicho na nguvu.

Lakini kuna jambo miviga inalo na video haina, na sikulifahamu London. Nililifahamu Kwale.

Mwaka uliofuata niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu katika mojawapo ya kaya za Wadigo. Msomaji anajua kwamba kaya ni misitu iliyobeba maboma ya kale ya Wamijikenda, na kwamba mwaka 2008 UNESCO iliitia katika orodha ya Turathi za Ulimwengu. Tulivishwa kaniki, tukaelezwa masharti: usivunje kijiti, usiondoke na chochote, hata jani lililokauka. Penye mlango wa msitu, mzee aliyetuongoza alisimama akaanza kuwaomba ruhusa wahenga, kwa sauti ya chini, maneno ambayo nusu yake sikuyaelewa.

Mvulana mmoja alikuwa na simu, ambayo kwa sheria za shule hakupaswa kuwa nayo. Aliificha ndani ya kaniki akarekodi. Mzee alimaliza, akageuka, akamtazama.

"Mjukuu wangu, umechukua kitu."

"Babu, nisipoyahifadhi haya yatapotea," kijana alijibu, na ninakiri kwamba hakujibu kwa utovu wa adabu. Alikuwa akirudia yale tuliyomfundisha darasani.

"Hupotea lisilofanywa," mzee akasema. "Lisilopigwa picha halipotei."

Kila mtu alinigeukia mimi, mwalimu. Niliichukua simu, nikaifuta rekodi ile mbele ya wote. Mzee akashukuru, tukaingia. Kijana alitembea nyuma yetu saa nzima bila kusema neno.

Kwa muda mrefu nilijivunia uamuzi ule. Niliwaeleza walimu wenzangu kwamba hapo ndipo tofauti ilipo: mtazamaji wa video hadaiwi kitu. Anaweza kuguswa, anaweza hata kutoa machozi, kisha akaenda zake kunywa chai. Aingiaye kaya anaingia katika deni. Ameombewa ruhusa kwa jina lake, na akivunja sharti kuna watakaolipa pamoja naye. Rekodi ile ingeyachukua maneno na kuliacha deni.

Basi mwaka 2018 mzee yule akafariki dunia.

Nilipopata habari, fikra yangu ya kwanza, Mungu anisamehe, haikuwa juu ya wafiwa. Ilikuwa juu ya simu. Je, kuna mwingine aliyeyajua maneno yale kama yeye? Nami niliyafuta kwa kidole kimoja.

Wasiwasi huo ulinirudisha kwenye kisa cha vigango, ambacho kila mwalimu wa pwani angefaa kukisimulia. Wagiriama humsimikia marehemu wa chama cha Gohu kigango, nguzo ya mbao iliyonakshiwa, na kikishasimikwa hakitakiwi kung'olewa. Hata ukoo ukihama, chenyewe hubaki. Wezi waling'oa vingi, wafanyabiashara wakaviuza, na vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Marekani, vikimulikwa kwa taa na kuitwa sanaa. Hilo ni kinyume kabisa cha kazi ya Viola: yeye alichukua sanaa akaisimika mahali patakatifu, hao waling'oa kitu kitakatifu wakakigeuza sanaa.

Sasa angalia. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango alivyowasimikia nduguze. Muda si muda, viwili viliibwa. Miaka mingi baadaye Udvardy akakitambua kimojawapo miongoni mwa picha zilizoonyeshwa katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, na cha pili nacho kikafuatiliwa. Mwaka 2007 vyote viwili, kimoja kutoka Makumbusho ya Jimbo la Illinois na kingine kutoka makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, vilirudishwa kwa familia. Kilichovirudisha ni picha. Bila ya picha ile, nani angethibitisha kwamba mbao zile mbili zilikuwa ndugu wa mtu fulani?

Atakayeniambia kwamba kamera ni adui wa utakatifu nitamsimulia hayo. Na atakayeniambia kwamba kamera ni mwokozi wake nitampeleka kwa yule mzee, ila sasa hayupo. Kuna mwalimu mwenzangu, Mwislamu, ambaye hunicheka nikisumbuka hivi. Kwake suala lilikwisha zamani: mahali pa kuswali hapawekwi picha, na ibada inarithishwa kwa kuitenda mara tano kila siku. Hana haja ya mtunza kumbukumbu. Nadhani angeelewana na yule mzee kuliko mimi.

Mwaka jana yule mvulana, ambaye sasa ni kijana aliyehitimu masomo ya sanaa, alinialika kuitazama kazi yake. Ilikuwa katika chumba kimoja kilichotiwa giza. Mlangoni zilitundikwa kaniki, na kibao kilituomba tuvue viatu. Sakafuni alikuwa amemwaga mchanga, na ukutani video ilionyesha miguu mitupu ikitembea kuelekea miti. Hapakuwa na uso wa mtu yeyote. Sauti za ndege na hatua zilisikika hadi miguu ilipofika penye mlango wa msitu. Hapo sauti ikakatika, ukimya ukadumu karibu dakika mbili, kisha hatua zikaendelea.

Nilimuuliza kwa nini dakika mbili.

"Ndiyo urefu wa ile rekodi, Mwalimu," akasema. "Niliutazama kabla hujaifuta."

Sikuwa na la kumjibu. Akanieleza kwamba kabla ya kupiga picha alirudi Kwale mara nne kuomba ruhusa kwa mtoto wa marehemu, na mara tatu za kwanza alinyimwa. Ya nne aliruhusiwa kupiga miguu yake mwenyewe, nje ya msitu tu.

Mtoto huyo wa marehemu, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, alifika jioni hiyo hiyo. Alisimama kizingitini akiwa bado na viatu, akatazama ndani kwa kitambo. Tulidhani anaitazama video. Alikuwa akitazama chini.

"Mchanga huu umetoka wapi?" akauliza.

Kijana alimwambia kwamba ulitoka kwa fundi aliyekuwa akijenga nyumba jirani, na kwamba keshokutwa utarudishwa kwake.

Ndipo akainama, akavua viatu, akaingia.