Jinsi umeme unavyopimwa ndani ya molekuli moja

FUNDI akitaka kujua kama waya unapitisha umeme, hugusisha kipimo chake kwenye ncha mbili za waya huo na kusoma namba. Kazi hiyo huwa ngumu pale waya unapokuwa molekuli moja, ambayo urefu wake haufikii nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita.

Hamu ya kuipima si ngeni. Mwaka 1974, Arieh Aviram na Mark Ratner, wakifanya kazi nchini Marekani, walieleza kinadharia kwamba molekuli moja ingeweza kufanya kazi ya diodi, kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Wakati huo hapakuwa na chombo cha kuthibitisha dai hilo.

Chombo kilipatikana mwaka 1981, wakati Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walipounda hadubini iitwayo STM katika maabara ya kampuni ya IBM mjini Zurich, Uswisi. Waligawiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1986.

Hadubini hiyo haitumii mwanga. Ncha kali ya chuma husogezwa karibu na kitu kinachochunguzwa bila kukigusa, na elektroni huvuka pengo lililobaki. Pengo likiongezeka kwa nanomita 0.1 tu, mkondo wa umeme hupungua takriban mara kumi.

Hata hivyo, kuona mkondo hakukutosha. Mtafiti alipaswa kuthibitisha kwamba umeme umepita katika molekuli moja, si mbili wala kumi. Kwa sababu hiyo, maabara mbalimbali zilipata majibu yaliyotofautiana sana kwa molekuli za aina ileile.

Mwaka 2003, Bingqian Xu na Nongjian Tao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walitangaza njia ya kuondoa shaka hiyo. Ncha ya dhahabu ilichomekwa katika bamba la dhahabu ndani ya kimiminika chenye molekuli za bipiridini, kisha ikavutwa polepole.

Dhahabu ilinyooka hadi ikabaki uzi wa atomi moja, wenye ukinzani wa omu 12,900 hivi. Uzi ulipokatika, molekuli zilijishikiza pande zote mbili na kuwa daraja. Ncha ilipozidi kuvutwa, molekuli hizo ziliachia moja baada ya nyingine, na mkondo ukashuka kwa ngazi.

Zoezi hilo lilirudiwa zaidi ya mara 1,000. Ngazi zilijitokeza katika uwiano wa moja, mbili na tatu, na zile za chini kabisa zilionyesha molekuli moja, yenye ukinzani wa omu milioni 1.3 hivi. Katika kimiminika kisicho na molekuli hizo, ngazi hazikuonekana.

Mwaka 2006, Latha Venkataraman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitumia njia ya aina hiyo kwa molekuli zenye pete mbili za kaboni. Waligundua kwamba kadiri pete moja inavyogeuzwa ikilinganishwa na nyingine, ndivyo umeme unavyopita kwa shida.

Kwa matokeo hayo, wanakemia wanaweza kubuni umbo la molekuli wakijua litaathiri vipi umeme. Kazi ngumu iliyobaki ni kuunganisha molekuli nyingi kwa uthabiti ili zitumike kama vifaa, kwa kuwa daraja la molekuli moja hudumu kwa muda mfupi tu kabla ya kukatika.