Bakteria Wajifichao Ndani ya Seli: Maradhi ya Bruselosisi na Lugha ya Kuyaeleza

Makala haya yananuia kueleza jinsi bakteria wanaojificha ndani ya seli wanavyoamsha kinga ya mwili, na uzito wa maneno yanayotumiwa kumweleza mgonjwa jambo hilo. Mfano unaorejelewa ni bruselosisi, maradhi ambayo binadamu huambukizwa na mifugo. Kuresoi, katika nyanda za juu za Nakuru, ni eneo la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na kondoo. Hivyo basi, wakazi wa Keringet na Olenguruone wana sababu ya kuyafahamu maradhi haya.

Bakteria wa Brusela, ambao daktari David Bruce aliwagundua huko Malta mnamo 1887, humwingia mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa, au anapoishika kwa mikono mitupu kondo ya nyuma ya mnyama aliyeharibu mimba. Mwilini humezwa na seli ambazo kazi yake ni kuwameza na kuwayeyusha wavamizi. Wengi huangamia humo. Waliosalia hukigeuza kifuko kilichowabeba kuwa makao, wakazaana. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walinena. Hapa kimo ndani ya mlinzi mwenyewe.

Je, kinga humtambuaje adui asiyeonekana? Kingamwili zilizomo katika damu haziwezi kumfikia ndani ya seli. Hata hivyo, seli iliyovamiwa huanika juu ya utando wake vipande vya protini za bakteria. Seli nyeupe za aina ya T huvitambua vipande hivyo, kisha hutoa kemikali iitwayo interferoni-gama, ambayo huziongezea seli zilizovamiwa nguvu ya kuua. Mwitiko huu ukidumu, mwili nao huumia: homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, mgongo na viungo huuma. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za malaria au homa ya matumbo, mgonjwa huweza kutibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Aghalabu maradhi huelezwa kwa istiari ya vita: adui huleta maumivu, dawa humwua. Istiari hiyo huficha jambo muhimu. Homa hutokana na kazi ya kinga yenyewe. Ikishuka, bakteria wangali wanaweza kuwa wamejificha. Mgonjwa asiyeelewa hivyo huacha dawa mapema, ilhali tiba ya kawaida ya mtu mzima huchanganya dawa mbili, mathalan doksisaiklini kwa rifampisini, kwa muda wa wiki 6.

Kwa hivyo, wataalamu wa Kiswahili wanaotunga istilahi za afya wana jukumu la kuteua maneno yatakayolibainisha fumbo hili. Kitenzi "kujificha", ambacho kila mkazi wa Kuresoi anakijua, chatosha kueleza kwa nini dawa hunywewa hata baada ya homa kutoweka, na kwa nini ni heri maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa au kunywewa.