Dawa ya Sonona Inapoacha Kusaidia: Hatua Zinazofuata



Mkaguzi apitapo vyamani hukagua vitabu, lakini hukutana pia na watu. Pengine daftari la fedha lililokuwa likiandikwa kila siku hukaa majuma kadhaa bila kuguswa, na sababu yake si wizi wala uvivu. Ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito usiotaka kuondoka, umnyimao mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu ya kazi. Wako wenzetu wanaotumia dawa za ugonjwa huu kwa miaka. Makala haya yanaeleza jambo linalowakatisha tamaa wengi wao: dawa iliyowasaidia hapo awali, sasa haiwasaidii tena.

Hali hiyo si ngeni, wala si mwisho wa matibabu. Nchini Marekani ulifanywa uchunguzi wa wagonjwa wapatao 4,000, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2006. Kiasi cha theluthi moja tu walipona kwa dawa ya kwanza. Wengine walipona baada ya kubadilishiwa au kuongezewa dawa, ijapokuwa kila hatua iliyofuata iliponya wachache zaidi.

Urari usipolingana, mtunza hesabu hachomi daftari; hurudia hati moja baada ya nyingine. Daktari naye hufuata utaratibu.

Kwanza, huhakiki. Je, dawa humezwa kila siku, au huachwa mgonjwa aonapo nafuu? Je, kipimo kilitosha, na kilitumika kwa majuma manne hadi sita? Je, mgonjwa hunywa pombe? Je, ana upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo, ambao dalili zake hufanana na za sonona? Tena, je, hupatwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, akakesha bila kuchoka na kutapanya fedha? Huo ni ugonjwa mwingine, na dawa za sonona zikitumiwa peke yake zaweza kuuzidisha.

Pili, daktari aweza kuongeza kipimo cha dawa ile ile.

Tatu, aweza kubadili dawa. Amitriptilini ni ya kundi la dawa lililoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Fluoksetini iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Namna zifanyavyo kazi mwilini hazifanani, hivyo asiyesaidiwa na moja aweza kusaidiwa na nyingine. Lakini fluoksetini hukawia mwilini, na ziko dawa nyingine za sonona ambazo ni hatari kuzianza kabla ya majuma matano kupita tangu kuiacha. Ndiyo maana haifai kuazima vidonge vya jirani.

Nne, huongezwa dawa ya pili juu ya ile ya kwanza. Mojawapo ni lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia alieleza manufaa yake kwa wagonjwa wa akili mwaka 1949. Husaidia, lakini damu, figo na tezi sharti zipimwe mara kwa mara. Mkulima atokwaye na jasho jingi juani, au anayeharisha, aweza kupungukiwa maji na lithiamu ikamgeukia sumu. Nyingine ni kwetiapini na aripiprazoli; daktari huangalia pia uzito wa mwili na sukari katika damu.

Tano, kwa ugonjwa uliokaidi, hospitali kubwa zenye wataalamu hutumia matibabu ya umeme, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Huwafaa wengi walio katika hali mbaya, ingawa huweza kuleta usahaulifu. Ketamini, inayojulikana zamani kama dawa ya usingizi katika vyumba vya upasuaji, nayo hutumika. Aina yake ya kupuliziwa puani iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Hutolewa mbele ya wahudumu tu.

Katika hatua zote, mazungumzo ya ushauri na mtaalamu huongeza nguvu ya dawa. Na mgonjwa asiache dawa ghafla, hata kama haoni faida yake: kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi huweza kufuata. Arudi kwa daktari, naye atampunguzia pole pole.

Ndugu Makatibu, chama nacho kina wajibu. Mgonjwa apewe ruhusa ya kwenda kliniki, na kazi yake ishikwe na mwingine kwa makabidhiano ya maandishi, ili apate pa kurudi. Habari za ugonjwa wake zisisomwe mkutanoni. Mwenzenu akisema kwamba hataki tena kuishi, msimwache peke yake. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vyake vitunzwe na jamaa, na dawa za kuulia wadudu zifungiwe ghalani, ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana. Kufuli hilo laweza kuokoa maisha ya mwanachama.