Ndege Iliyotoka Vitani Kuwinda Nguruwe

Ndugu mkulima wa skimu, ikiwa umepata kukesha shambani ukipiga debe ili nguruwe wasimalize mahindi yako, habari hii yakuhusu, ijapokuwa yatoka mbali. Wakulima wa Texas, katika nchi ya Marekani, wana shida iyo hiyo, nao wamefika mpaka kumwinda nguruwe kwa ndege. Wengi hutumia helikopta. Wachache hutumia ndege ndogo iitwayo jairopleni, na hiyo ndiyo nataka kukueleza kwanza, maana kabla ya kufika shambani ilipita katika majeshi ya nchi nyingi.

Ukiitazama utadhani ni helikopta, kwa sababu ina mapanga marefu yanayozunguka juu. Lakini sivyo. Mapanga ya helikopta huzungushwa na injini. Ya jairopleni, ikiwa angani, huzungushwa na upepo tu. Bila shaka umeona kititia, kile kichezeo cha jani ambacho mtoto hukishika akakimbia nacho. Mtoto akikimbia, kititia chazunguka. Akisimama, nacho chasimama. Injini ya jairopleni kazi yake ni kuzungusha rafadha ndogo, ambayo mara nyingi iko nyuma ya kiti cha rubani, ili isukume chombo mbele. Chombo kikienda mbele, upepo wazungusha mapanga ya juu, na mapanga yainua chombo. Hata injini ikizimika angani mapanga hayasimami, kwa sababu chombo kikianza kushuka upepo utokao chini huendelea kuyazungusha, na rubani aweza kutua polepole katika nafasi ndogo. Lakini jambo moja haliwezi: haliwezi kusimama tuli angani kama helikopta. Likumbuke hilo, maana lina maana kubwa mbele.

Aliyeibuni ni Mhispania, Juan de la Cierva. Mwaka 1919 alikuwa ameunda eropleni kubwa ya injini tatu ya kutupa mabomu, ikapunguza mwendo mno ikiwa chini, ikaanguka. Tangu hapo akatafuta chombo kisichoanguka kwa sababu ya mwendo mdogo, na Januari 1923 jairopleni yake ikaruka karibu na Madrid. Mwaka 1928 alivuka nayo bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Yeye mwenyewe alikufa Desemba 1936 huko Croydon, karibu na London, lakini si katika chombo chake. Alikuwa abiria katika eropleni ya kawaida iliyoanguka wakati wa ukungu.

Wanajeshi hawakukawia kuitamani. Mwaka 1932 wanamaji wa Marekani waliijaribu katika vita vya Nicaragua, wakaona kwamba yatua mahali padogo, lakini mzigo iwezao kubeba ni mdogo mno. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliitumia kupima mitambo ya rada ya pwani zao. Wajapani nao walikuwa na yao ya kupelelezea.

Wajerumani walifanya jambo la ajabu zaidi. Nyambizi ikiwa juu ya maji ni fupi, na mtu aliye juu yake haoni mbali. Basi walitengeneza chombo kidogo kisicho na injini kabisa, kiti tu na mapanga juu, kikafungwa kamba nyuma ya nyambizi kama kishada. Nyambizi ikienda, upepo wakiinua. Mtu aliyekaa humo, futi 400 juu, aliweza kuona upeo wa maili zaidi ya 20, akasema na wenziwe kwa simu iliyofuata kamba. Kwa msaada wake nyambizi U-177 iliizamisha meli ya Kiyunani iitwayo Efthalia Mari, Agosti 1943, katika bahari hii yetu ya Hindi, upande wa Madagascar. Hata hivyo mabaharia wengi hawakukipenda. Eropleni ya adui ikitokea ghafula, nyambizi lazima izame upesi, na yule wa juu alilazimika kukata kamba na kuachwa baharini. Wewe ungekubali kazi hiyo?

Baada ya hapo helikopta ya Igor Sikorsky ilikuja, yenye uwezo wa kusimama angani na kubeba zaidi, na majeshi mengi yakaiacha jairopleni. Haikufa kabisa. China ilipitisha jairopleni za kijeshi katika gwaride lake la Oktoba 1, 2019.

Sasa tuje kwa nguruwe. Wale wa Texas si wanyama wa asili ya Marekani. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa waliopelekwa na Wahispania katika karne ya 16, na wa walowezi walioacha nguruwe wao wajitafutie chakula msituni. Kisha, miaka ya 1930, watu waliopenda mchezo wa kuwinda wakaleta nguruwe mwitu kutoka Ulaya, nao wakachanganyika na hao. Leo hukadiriwa kuwa katika Texas peke yake wako zaidi ya milioni 2. Jike huanza kuzaa kabla hajamaliza miaka miwili, wengine hata kabla ya mmoja, na kwa uzazi mmoja hupata watoto 4 hadi 6 au zaidi. Uharibifu wao utaujua mara moja. Mahindi yakishapandwa, nguruwe hufuata mstari kwa pua, shimo baada ya shimo, wakila mbegu, na asubuhi mkulima hukuta mstari mtupu. Majani ya malisho hufukuliwa kama yaliyolimwa kwa plau, na vidimbwi vya kunyweshea ng'ombe hugeuka matope.

Kuwinda kwa ndege si ruhusa ya kila mtu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1971 ilikataza kumpiga mnyama risasi kutoka angani, ila kwa kibali cha kulinda ardhi, mifugo au mazao. Mwaka 2011 Texas ilipitisha sheria iliyoruhusu watu binafsi kukodi nafasi katika helikopta ili wapige nguruwe, mwenye shamba akiwa amekubali. Mwaka 2017 wakaongeza hata maputo ya hewa moto, jambo ambalo mimi naliona ni mzaha zaidi kuliko kazi.

Jairopleni ina faida yake: bei yake na gharama zake ni ndogo kuliko za helikopta. Lakini rudi kwenye lile neno nililokuambia. Haiwezi kusimama. Nguruwe akijificha kichakani, helikopta humngoja juu. Jairopleni yapita, sharti izunguke, na ikirudi nguruwe ameshakwenda zake. Kisha rafadha iko nyuma. Ganda la risasi likiruka kutoka bunduki laweza kupeperushwa na kuipiga rafadha, na rafadha iliyovunjika karibu na ardhi ni msiba. Tena waya za umeme hazionekani vizuri kwa mtu anayemtazama nguruwe. Kuna na sheria: jairopleni nyingi za huko zimeundwa na wenyewe nyumbani, na ndege ya namna hiyo hairuhusiwi kubeba watu kwa malipo.

Je, ndege zimewamaliza nguruwe? Hapana. Wataalamu wa kilimo wa Texas hukadiria kwamba yapasa kuondoa karibu theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka ili idadi isiongezeke tu. Ndege hufaa penye uwanda wazi, hasa majani ya miti yakiwa yamepukutika. Penye msitu mnene hazisaidii sana. Na kundi likipigwa risasi likabaki nusu, waliobaki hutawanyika kwa majirani na kuwa wajanja. Ndiyo sababu jimbo la Missouri, mwaka 2016, lilikataza watu kuwinda nguruwe hao katika ardhi yake ya hifadhi, likategemea mitego.

Kabla sijakueleza mtego huo, neno moja kwa sisi wa Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977, na nguruwe mwitu na ngiri ni wanyama wa porini wanaolindwa na sheria. Wakikusumbua, peleka habari kwa Shirika la Wanyama Pori. Nawe unayefuga nguruwe, usiwaache wazurure: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa na wataalamu mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, hukaa ndani ya ngiri bila kumwumiza, na kupe humpelekea nguruwe wako, ambaye hufa.

Mtego wa Missouri na Texas ni boma la waya imara lenye mlango wa kuanguka. Mahindi hutupwa ndani siku nyingi, mlango umefungwa wazi, mpaka kundi zima lizoee kuingia. Kamera humpelekea mwenye shamba picha katika simu yake. Yeye huwahesabu, usiku baada ya usiku, na hauangushi mlango mpaka nguruwe wa mwisho ameingia.